Mmisionari Kijana na Siku Zake za Kwanza Meru: Akeri 1896, Nkoaranga 1902



Habari ya Usharika wa Nkoaranga huanzwa kwa mwaka 1902, na ndivyo inavyopasa. Mwaka huo wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Arno Krause na mwenzake Fickert, walifika Meru na kufungua kituo mahali hapa. Lakini anayetaka kuzielewa siku za kwanza za vijana hao katika nchi ya ugeni hana budi kurudi nyuma miaka sita, tena ateremke kutoka Nkoaranga mpaka Akeri, ambako vijana wengine wawili wa misioni hiyo hiyo walilala usiku wao wa mwisho. Wale wa mwaka 1896 walikuja na nia njema. Wale wa mwaka 1902 nao vivyo hivyo. Yaliyowapata yalitofautiana, na sababu yake haikuwa katika nia zao, bali katika namna walivyoonekana machoni pa wenyeji, na katika mambo yaliyokuwa yamewatangulia njiani.

Misioni ya Leipzig ilianzishwa Dresden mwaka 1836, ikahamia mji wa Leipzig mwaka 1848. Kwa miaka hamsini na zaidi kazi yake kubwa ilikuwa miongoni mwa Watamil wa India ya Kusini. Mkurugenzi wake wa zamani, Karl Graul, alishikilia sana kwamba mmisionari ajifunze kwanza lugha ya watu na desturi zao, ndipo afungue kinywa kuwafundisha. Mafundisho hayo yaliletwa Afrika pamoja na watu, kwa kuwa Traugott Päsler, aliyeongoza kundi la kwanza lililofika Kilimanjaro mwaka 1893, alikuwa ametumika India kabla ya hapo. Kituo cha Machame kilifunguliwa mwaka huo wa 1893, kile cha Mamba mwaka 1894, na cha Moshi mwaka 1896.

Kijana aliyetumwa katika miaka hiyo ya mwanzo alipanda meli, akapita Mfereji wa Suez na Bahari ya Sham, akashuka Mombasa. Toka hapo hakukuwa na gari moshi la kumpeleka bara; ujenzi wa reli ya Waingereza ulianza mwaka 1896. Ilimlazimu kutafuta wapagazi, kugawa mizigo, na kuivuka nyika ya Taru kwa miguu mpaka Taveta, akiwaza zaidi habari ya maji kuliko habari ya mahubiri. Homa ilimkuta njiani. Hakuna aliyejua bado kwamba mbu ndiye anayeileta malaria, maana jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross huko India mwaka 1897. Hivyo kijana alimeza kwinini, akailaumu hewa ya mabondeni, akatamani kufika mlimani. Na alipofika mlimani alishangaa. Alikuwa ameandaliwa kwa ajili ya joto, akakuta usiku wa baridi, ukungu wa asubuhi, migomba, na mifereji ya maji iliyochimbwa kwa ustadi na kugawanywa kwa zamu. Katika siku zake za kwanza mgeni huyo, aliyeitwa mwalimu, hakuwa na la kufundisha. Hakujua kuomba maji ya kunywa kwa lugha ya nchi. Walimu wake walikuwa watoto wachunga mbuzi, nao walimcheka kila alipokosea, wala hakuwa na njia ya kuwakataza, kwa kuwa neno la kukataza nalo alikuwa hajalijua.

Swali moja liliwatesa wamisionari wa Kilimanjaro mapema kabisa. Kwa Wachagga neno Ruwa lilikuwa na maana ya Mungu, na tena lilikuwa na maana ya jua. Je, mhubiri alitumie, au alete jina jingine kutoka nje? Mtu hawezi kujibu swali la namna hiyo kwa kusoma kamusi, tena kamusi yenyewe ilikuwa haijaandikwa. Ilimpasa kukaa na wazee, kusikiliza wanavyoomba, na kuangalia wanapotazama.

Miongoni mwa vijana hao walikuwamo Ewald Ovir na Karl Segebrock. Hakuna kati yao aliyekuwa amefikisha miaka 25. Tena hawakuwa raia wa Ujerumani, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Ovir alikuwa Mwestonia. Segebrock alitoka Kurland, sehemu ambayo leo ni ya nchi ya Latvia. Nchi zote mbili zilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi, na ardhi yake nzuri ilikuwa mikononi mwa mabwana wenye asili ya Kijerumani. Wakulima wa Estonia walikuwa watumwa wa mashamba ya mabwana hao mpaka mwanzoni mwa karne ya 19. Ovir, basi, hakuwa mgeni wa habari ya watu wanaolima nchi yao chini ya amri ya wengine. Lakini nani Meru angelijua hilo kwa kumtazama tu?

Muda wake Kilimanjaro ulikuwa mfupi, lakini aliutumia vema. Alikusanya hadithi na vitendawili vya Wachagga, akaandika pia juu ya unyambulishaji wa vitenzi vya Kichagga. Kazi hizo zilichapwa Ujerumani mwaka 1897, mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Zinastahili kutajwa mbele ya washarika kwa sababu zinaeleza zaidi ya barua nyingi jinsi kijana huyu alivyoishi siku zake za kwanza. Kitendawili hakiokotwi barabarani. Hutegwa jioni, karibu na moto, chakula kikiwa jikoni, na anayekitega hutazama kwanza nani yuko nyumbani. Mgeni anayekusanya vitendawili ni mgeni aliyeruhusiwa kuketi. Na yule anayesumbukia unyambulishaji wa vitenzi amekwisha kugundua kwamba katika lugha za Kibantu silabi moja hubadili mambo yote. Kiswahili chenyewe kina kuja na kina kujia, na anayesema "wamekuja" hajasema sawa na anayesema "wametujia".

Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikipimwa Meru mwezi Oktoba 1896, kwa lugha nyingine na kwa silaha.

Kutoka Machame mlima Meru huonekana vizuri ng'ambo ya uwanda wa Sanya, na lugha ya Wameru ina undugu wa karibu na lugha za Wachagga. Kwa hiyo, kwa macho ya wamisionari, kuvuka Sanya kulikuwa hatua ya kawaida: mlima wa pili, watu wa jamii moja, lugha ambayo Ovir angeishika upesi. Walifika Akeri, wakapiga hema, wakiwa na Wachagga waliokuja nao kuwasaidia. Mangi wa Meru wakati huo alikuwa Matunda, wa ukoo wa Kaaya.

Lakini macho ya vijana wa rika la Talala, waliokuwa ndio askari wa nchi, yaliona jambo jingine. Wao walikuwa na habari za Moshi. Mwaka 1892 watu wa Mangi Meli walipigana na Wajerumani, na kiongozi wa Wajerumani hao, von Bülow, akauawa. Wamisionari Waingereza waliokuwa Moshi wakaondoka. Mwaka 1893 jeshi la Wajerumani likarudi na kumshinda Meli. Na katika mwaka huo huo wakaja wamisionari wa Leipzig. Mtu aliyekaa Meru akipokea habari hizi kutoka kwa wachuuzi na jamaa angehesabu vipi? Alikuja askari, akaja mhubiri. Rangi moja, njia moja, mwaka mmoja. Sasa, mwezi ule wa Oktoba, wakati vijana wawili wa misioni wakipiga hema Akeri, Johannes, mkuu wa kituo cha kijeshi cha Moshi, alikuwa naye amepiga kambi na askari wake si mbali na hapo.

Ikumbukwe pia miaka yenyewe ilikuwa miaka gani. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wa Afrika Mashariki tangu mwanzo wa muongo ule, na ndui ikafuata nyuma yake. Nchi iliyojeruhiwa hivyo haimpimi mgeni kwa utulivu.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896 mashujaa wa Arusha na wa Meru walishambulia. Ovir na Segebrock waliuawa, na pamoja nao wakauawa Wachagga waliokuwa wakiwasaidia. Kambi ya Johannes nayo ilishambuliwa, lakini yeye alikuwa na bunduki na askari wa kuzitumia, na mashambulio yakarudishwa nyuma. Waliokufa ni wale ambao hawakuja kupigana.

Kanisa limewakumbuka kama mashahidi, na kumbukumbu yao ipo Akeri hadi leo. Hakuna anayepaswa kuipunguza. Hata hivyo, katika nyumba za Meru habari ya Akeri haijawahi kuishia usiku ule. Kabla mwaka 1896 haujaisha, Johannes alirudi akiwa na askari na maelfu ya wapiganaji wa Kichagga. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Kilimanjaro, na watu wengi wakauawa, wa Meru na wa Arusha, ambao hakuna jiwe lililoandikwa majina yao. Vita vya adhabu havikuwa vya mara moja. Vilirudiwa katika miaka iliyofuata, na juu yake ikaja njaa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Moshi pamoja na viongozi wengine wa Uchagga, wa Meru na wa Arusha. Boma la Arusha, ambalo sasa ni makumbusho, lilijengwa katika miaka hiyo hiyo, na waliobeba mawe na chokaa yake walikuwa wenyeji walioshurutishwa.

Kwa sababu hiyo ni vigumu kuisimulia habari ya Akeri hapa Nkoaranga kana kwamba ilitokea kwa watu wengine. Katika madawati ya usharika huu wameketi kwa zaidi ya miaka mia moja wajukuu na vitukuu vya Talala. Wanawaombolezea vijana wawili waliouawa na mababu zao, na wanawaombolezea mababu zao waliouawa kwa kisasi cha vijana hao, ambao wenyewe hawakuomba kulipiziwa.

Krause na Fickert waliingia katika nchi hiyo mwaka 1902. Safari ya kutoka pwani ilikuwa imebadilika. Reli ya Waingereza ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Viktoria, na msafiri aliweza kushuka Voi na kutembea kilichobaki. Hakuna aliyethubutu tena kuwagusa Wazungu usiku. Kwa hesabu ya serikali, Meru ilikuwa shwari. Lakini kwa mmisionari kijana aliyetaka kusikilizwa, utulivu wa namna ile ulikuwa kizuizi kuliko vita. Mtu aliyeshindwa huinamisha kichwa, huitikia salamu, huleta ndizi anapoagizwa, wala hasemi neno la moyoni. Ovir aliwahi kukaa karibu na moto wa Wachagga akitegewa vitendawili. Nani Meru mwaka 1902 angemtegea Mzungu kitendawili?

Mangi alikuwa Sambegye, aliyetawala tangu mwaka ule wa 1902 hadi 1925. Kuwapokea wamisionari hakukuwa jambo dogo kwake. Watawala wanne waliomtangulia walikuwa wamepita katika muda wa miaka sita tu. Kumkataa mgeni kungemgharimu kwa Boma. Kumpokea mno kungemgharimu kwa watu wake. Wamisionari wakapata mahali pa kujenga Nkoaranga, juu kidogo ya Akeri, kwenye migomba na maji, na wakaanza siku zao za kwanza.

Mambo ya nje ya siku hizo yanajulikana, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa kawaida ya misioni kila mahali: kwanza hema, kisha kibanda cha miti na nyasi, halafu nyumba ya kudumu, bustani ya mboga, dawa ya vidonda kila asubuhi mlangoni, kwa maana funza walikuwa wameenea nchini katika miaka ile na vidole vya miguu vilivyooza vilikuwa vingi. Waliokuja kufanya kazi ya kubeba mawe na kufyeka walikuja kwa ajili ya fedha. Serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na mwenye nyumba alitakiwa kupata rupia mahali fulani. Hapana haja ya kulipamba jambo hili. Mengi ya makutano ya kwanza kati ya Wameru na Injili yalifanyika jembe likiwa mkononi, kwa sababu ya kodi, na mhubiri alikuwa ndiye mlipaji wa mshahara.

Lakini kazi ya mshahara ilikuwa na faida moja ambayo haikukusudiwa. Ilimweka mgeni mahali pa kutazamwa mchana kutwa, siku baada ya siku. Walimwona akiugua na kupona. Walimwona akikosea lugha na kuanza upya. Walipima kama anapiga watu, kama analipa alichoahidi, kama anawatuma watoto wao Boma. Zaidi ya yote walitazama anakuja na nani. Katika mwaka 1896 jibu la swali hilo lilionekana kutoka mbali, kwa moshi wa kambi mbili. Safari hii hapakuwa na kambi ya askari kando ya hema. Askari walikuwapo Arusha, ndiyo, na mmisionari alikuwa na amani kwa sababu yao, jambo ambalo hakuna Mmeru aliyelisahau. Ila alilala Nkoaranga peke yake na mwenzake, na asubuhi walikuwa bado wapo.

Katika mwaka huo huo wa 1902 Bruno Gutmann, kijana wa miaka 26, alifika Kilimanjaro kutoka Leipzig. Huyo alikuja kuwa mtaalamu mkubwa wa mila za Wachagga, na kitabu chake juu ya sheria zao kilitolewa mwaka 1926. Watu humsifu kwa vitabu vyake. Isisahauliwe kwamba kila ukurasa ulitokana na mzee fulani aliyekubali kupoteza mchana wake kumweleza kijana asiyejua kitu. Gutmann angalau aliwakuta Wachagga waliokwisha kuishi na wamisionari miaka tisa. Wenzake wa Nkoaranga walipaswa kuanza na watu ambao jambo la kwanza walilojua kuhusu misioni lilikuwa gharama yake.

Vijana ndio waliovunja ukimya. Shule ilifunguliwa, na waliokuja walikuwa watoto na wavulana, baadhi yao wakiwa wametumwa, baadhi yao wakiwa wametoroka mifugo, wote wakiwa hawana uzee wa kukumbuka yote. Walijifunza herufi, naye mwalimu alijifunza Kimeru vinywani mwao. Wazazi walikuwa na mashaka, na haki yao ilikuwa kuwa na mashaka. Mtoto aliyeshika kitabu aliweza kuchelewa kutahiriwa na rika lake, kukataa sadaka ya ukoo, kuhesabiwa nje. Kila aliyebatizwa katika miaka hiyo ya mwanzo alijua maana ya kuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe, hata akapata la kuzungumza na mmisionari ambaye alikuwa mgeni kwa kuvuka bahari.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilibadilisha mambo. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari Wajerumani wa Leipzig katika nchi iliyoitwa sasa Tanganyika. Ibada na shule zilibaki mikononi mwa walimu wenyeji, ambao hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji, hawakuwa na mshahara wa uhakika, na hawakujua kama yuko atakayerudi. Walipiga kengele, walisoma Neno, walizika wafu.

Halafu, katika miaka ya 1920, wakaja wamisionari wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani, vijana tena, wageni kabisa wa lugha na wa mlima. Siku zao za kwanza hazikufanana na za Ovir wala za Krause. Walifika mahali ambapo kengele ilikuwa ikilia bila wao. Waliokwenda kuwalaki walikuwa walimu wa Kimeru, wenye vitabu mikononi, na ndio waliowaonyesha pa kuketi kanisani.